Askari wa Saio na Burma, na Nyumba Zilizowangoja

Tarehe 8 Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika kwenye mnara wa kumbukumbu ya wapiganaji wa zamani mjini Kinshasa, akamvisha nishani koplo mwenye umri wa miaka 100. Koplo huyo ni Albert Kunyuku. Alizaliwa mwaka 1922, akavaa sare ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, akiwa kijana, akapelekwa Burma wakati wa vita vya pili vya dunia, akarudi salama, akaishi hadi akatajwa kuwa ndiye aliyebaki kati ya wenzake. Nishani aliyopewa, ya Kamanda wa Daraja la Taji, ni miongoni mwa heshima kubwa za Ubelgiji. Ilimfikia miaka 77 baada ya vita kwisha.

Kinshasa ni mbali na Beni na Butembo. Mfanyabiashara wa Butembo mwenye shughuli katika mji mkuu hupanda ndege, maana mito na misitu iliyo katikati haimwachii njia nyingine ya haraka. Lakini jeshi alilolitumikia Kunyuku lilikuwa likichota vijana katika kila mkoa wa Kongo, na Kivu ilitoa fungu lake. Milima ya Lubero, bonde la Semliki na vijiji vilivyo chini ya Ruwenzori vina hesabu yao na jeshi hilo, tena hesabu ndefu: inaanza kabla ya mwaka 1900 na bado haijafungwa.

Hesabu hiyo huelezwa kwa majina ya vita na makamanda. Sehemu yake kubwa, hata hivyo, imo ndani ya nyumba: kwa mke aliyelima peke yake, kwa mama aliyengoja, kwa mtoto aliyemjua baba yake akiwa tayari na miaka kadhaa. Askari anayejaliwa kuishi miaka 90 au 100 hulindwa na watu hao. Wao ndio wanaomtunza, wanaomsikiliza, na wanaobaki na habari zake akiondoka.

Wazee wa Beni walilijua jeshi la Bula Matari, kama walivyoiita serikali ya kikoloni, kwanza kama mgeni mwenye bunduki. Katika miaka ya 1890, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilijenga ngome karibu na mto Semliki, nayo ikajulikana kwa jina la Beni. Mwaka 1897 askari wa msafara wa Baron Dhanis, wengi wao Watetela, waliasi huko kaskazini, wakawaua maofisa wao, wakashuka kusini kupitia Ituri na bonde la Semliki kuelekea ziwa Edward, huku majeshi ya dola yakiwafuata. Vijiji vilivyokuwa njiani vililisha pande zote mbili, vipende visipende.

Uasi ule uliacha sheria moja iliyodumu hadi mwisho wa ukoloni. Wakubwa wa Force Publique waliamua kwamba kikosi kisiwe cha kabila moja. Kila pelotoni ichanganywe, na askari watumikie mbali na kwao. Kijana wa Lubero angeweza kujikuta katika kambi ya Kasai au ya Bas-Congo, akilala kati ya watu asioijua lugha yao, akiamriwa kwa Kilingala, ambacho baadaye kilifanywa kuwa lugha ya jeshi zima. Muda wa utumishi ulikuwa miaka saba. Chifu ndiye aliyetakiwa kutoa vijana, na mara nyingi waliotolewa ni wale wasio na mtu mkubwa wa kuwatetea: yatima, watoto wa ukoo mdogo, au vijana waliokuwa na ugomvi na baraza.

Mwaka 1910 jambo jingine likatokea. Ubelgiji na Uingereza walikubaliana mpaka wao upite juu ya Ruwenzori na katika Semliki. Watu wa asili moja, wanaoitwa Wanande au Bayira upande wa Kongo na Bakonzo upande wa Uganda, wakagawanywa katika dola mbili. Ndugu waliokuwa wakipeana chumvi ya Katwe na vyakula vya mlimani wakawa na majeshi mawili tofauti ya kuwaita: Force Publique kwa huyu, King's African Rifles kwa yule.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika mwaka 1914, Kivu ilikuwa mpakani kabisa. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, na kwa miezi mingi pande mbili zilitazamana katika eneo la volkano, kati ya Goma na Rutshuru. Mwaka 1916 Force Publique ikavuka. Iliingia Kigali mwezi wa Mei, na tarehe 19 Septemba ikaingia Tabora. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Oktoba, ilichukua Mahenge, kusini mwa Tanganyika.

Ushindi wa Tabora ulikumbukwa kwa jina la mtaa mjini Brussels. Aliyeubeba ushindi huo ni mpagazi. Kongo ilitoa wapagazi wapatao 260,000 katika miaka ile ya vita, watu waliotwishwa risasi, unga na sanduku za dawa, kilo 25 hivi kila mmoja, wakapanda na kushuka milima bila viatu. Waingereza nao waliwaazima Wabelgiji wapagazi zaidi ya 8,000 kutoka Uganda, na zaidi ya 1,000 kati yao walikufa. Hesabu rasmi za Ubelgiji zinataja askari Waafrika 1,895 na wapagazi 7,124 waliopoteza maisha. Wapagazi waliokufa, basi, ni karibu mara nne ya askari, na wengi waliangushwa na kuhara damu, nimonia na njaa. Kwa familia zao hapakuwa na kitabu cha jeshi wala namba ya utumishi. Mtu alichukuliwa shambani, na asiporudi, jina lake lilibaki kwa ndugu zake tu.

Kati ya vita viwili, nchi ya Wanande ilibadilika haraka. Mapadri Waasumsio walifika mwaka 1929, wakafungua misheni na shule. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Minière des Grands Lacs iliweka kituo chake cha dhahabu Butembo, na mji ukaanza kukua kuzunguka kituo hicho. Barabara ikachongwa kutoka Rutshuru, ikapanda mteremko mkali wa Kabasha, ikapita Lubero, Butembo na Beni hadi Irumu. Walowezi Wazungu wakachukua mashamba kwenye vilima vya Lubero, wakalima ngano, kahawa na pareto. Kijana wa miaka ile alikuwa na milango kadhaa mbele yake: mgodi, shamba la mzungu, misheni au kambi ya jeshi. Mlango wa kambi ulikuwa na posho ya kila wiki, blanketi na sare. Ulikuwa pia na kiboko.

Ubelgiji ilisalimu amri kwa Wajerumani tarehe 28 Mei 1940. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akaiweka Kongo upande wa Uingereza na wenzake, na Force Publique ikaanza kukuzwa hadi kufikia watu wapatao 40,000. Mwezi wa Novemba Ubelgiji ikawa vitani na Italia, na safari ikapangwa: kwenda Uhabeshi, yaani Ethiopia, iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano.

Ukitazama ramani utaona kwa nini Kongo ya mashariki ndiyo iliyokuwa mlango wa safari hiyo. Malori yalikwenda kaskazini kupitia Watsa na Aba hadi Juba, kisha askari wakapanda meli za mto Nile kushuka Malakal, halafu wakageukia mashariki kuelekea mpaka wa Uhabeshi. Ni maelfu ya kilomita za vumbi, maji na vinamasi, na mwisho wake ni mlima. Asosa ilianguka tarehe 11 Machi 1941. Gambela, kituo cha biashara kando ya mto Baro, ikaanguka tarehe 23 Machi. Mbele yao palibaki Saio, mji ulio juu, ambao leo unaitwa Dembi Dolo, na ndani yake Waitaliano waliokuwa wengi kuliko wao na wenye mizinga.

Hapo ndipo njaa ilipowashika. Chakula na risasi vilitegemea meli za kupanda mto Sobat na Baro, nayo mito hiyo haipitiki mpaka mvua zinyeshe na maji yajae. Kuanzia Aprili hadi Juni askari walikaa chini ya mlima wakiwa na posho iliyopungua siku hadi siku. Beriberi ikaanza kuwavimbisha miguu, kuhara damu kukawadhoofisha, na mvua ilipofika iliwakuta kwenye mahandaki. Mamia hawakurudi kutoka katika kampeni ile, na maradhi yaliua kuliko risasi. Mito ilipojaa, vikosi zaidi vikafika, na tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Auguste Gilliaert aliamuru mashambulio. Siku hiyohiyo Jenerali Pietro Gazzera aliomba masharti ya kusalimu amri. Majenerali tisa wa Italia, Gazzera mwenyewe akiwemo, wakawa mateka wa jeshi ambalo karibu wanajeshi wake wote walikuwa Wakongo, na pamoja nao maelfu ya maofisa na askari.

Kwa mtu wa Kivu aliyezaliwa akiamini kwamba mzungu hashindwi, siku ile ilikuwa na uzito wake. Aliwaona Wazungu wakiweka silaha chini mbele yake, wakihesabiwa, wakipewa chakula na kuambiwa waende wapi. Kisha akarudi kambini, akakuta cheo chake hakiwezi kupita sajini meja, na mkubwa wake bado anaweza kuamuru apigwe kiboko.

Baada ya Saio vita havikuishia hapo. Kikosi kikubwa kilisafirishwa kwa bahari hadi Nigeria mwaka 1942, kisha msafara mrefu wa malori ukavuka jangwa hadi Misri, na askari Wakongo wakakaa Misri na Palestina wakilinda bandari, maghala na kambi za mateka.

Kikosi kilichofika mbali kuliko vyote kilikuwa hospitali. Kilikuwa na Wakongo wapatao 350, wauguzi, wabeba machela, madereva na wapishi, pamoja na Wabelgiji wapatao 20, na kikapewa jina la kituo cha kumi cha majeruhi cha Kongo ya Kibelgiji. Kilipita Madagaska, kikavuka bahari ya Hindi, na mwaka 1944 kikaunganishwa na Divisheni ya Kumi na Moja ya Afrika Mashariki huko Burma. Sehemu kubwa ya divisheni hiyo ilikuwa vikosi vya King's African Rifles: askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Ilipigana ikishuka bonde la Kabaw katika mvua za monsuni, kwenye matope ya kufika magotini, malaria ikiwapunguza watu kila siku, hadi ikafika mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Kwa watu wa Semliki, picha hii ina maana ya pekee. Mpaka wa 1910 ulikuwa umewatenganisha ndugu kwa miaka 34. Sasa, katika msitu wa Asia, hema la kuuguza lilikuwa la Wakongo na majeruhi walikuwa wa Afrika Mashariki. Kiswahili, lugha ya King's African Rifles, ndicho kilichokuwa kikisemwa pia Beni, Bunia na Bukavu. Askari Mkonzo wa Uganda aliyepigwa risasi mguuni angeweza kuulizwa panapomuuma kwa lugha aliyoizoea jeshini.

Wakati huohuo, nyumbani kulikuwa na vita vya namna nyingine. Serikali ya kikoloni iliviita juhudi za vita. Kazi za lazima za kila mwanakijiji, ambazo zilikuwa siku 60 kwa mwaka, zikapandishwa mwaka 1942 hadi siku 120. Palitakiwa mpira wa porini, mafuta ya mawese, dhahabu, pareto, ngano na mboga. Theluthi nzima ya mwaka ikawa ya Bula Matari. Nyumba iliyompeleka kijana jeshini haikusamehewa chochote. Kazi za mwanamume asiyekuwepo zilimwangukia mkewe, baba yake mzee na wadogo zake.

Na Mnande haishi kwa mkono mmoja. Mashamba ya Lubero na Butembo yako kwenye miteremko mikali: maharagwe, viazi, mahindi, migomba karibu na nyumba. Mwanamume hufyeka na kujenga, hutengeneza pombe ya kasikisi kwa ndizi zilizoiva, hukaa kwenye kyaghanda jioni. Kyaghanda ni banda la wanaume lenye moto katikati, mahali pa kuamua mambo ya ukoo na pa wazee kuwafundisha vijana. Kijana aliyechukuliwa akiwa na miaka 18, akarudi na miaka 25, alikuwa amekosa miaka saba ya mafunzo hayo. Alijua kufyatua bunduki na kusimama mstarini, lakini kulikuwa na mambo ya ukoo ambayo mdogo wake aliyebaki alikuwa ameyajua kumzidi.

Hata majina ya watoto yalionyesha pengo. Kwa Wanande jina la kwanza la mtoto hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza huweza kuitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ukimsikia mtu anaitwa Kakule unajua ana kaka watatu kwa mama yake, walio hai au waliokufa. Katika familia ya askari, kati ya Paluku na Kambale ingeweza kupita miaka saba. Jirani aliyeona pengo hilo hakuhitaji kuuliza baba alikuwa wapi.

Wapo wake waliokwenda na waume zao. Force Publique iliruhusu askari kuishi kambini na mke, na mke huyo alipata sehemu ya posho. Katika vita vya kwanza wanawake wengi waliufuata msafara hadi Tabora, wakipika, wakifua na kuuguza. Kambini walikutana wanawake wa makabila yote, wakajifunza Kilingala, wakabadilishana mapishi, wakazalia watoto mbali na mama zao. Watoto wa kambi wakakua bila kijiji. Baba anatoka Lubero, mama anatoka Équateur, na wao wenyewe lugha yao ni ya kambini. Askari alipomaliza muda wake, swali lilikuwa gumu: arudi kwa ukoo wake na mke ambaye ukoo haukumtolea mahari, au akae mjini? Wengi walikaa. Ndiyo maana miji ya Kongo ina mitaa iliyoanzishwa na askari wastaafu, na ndiyo maana familia nyingi za Kivu zina tawi lililopotelea Kisangani, Kananga au Kinshasa.

Waliorudi vijijini walipewa heshima na mashaka kwa pamoja. Walivaa viatu. Walijua bei za vitu. Walikuwa wameona bahari. Wengine walifanywa maaskari wa chifu, wengine walinzi wa mgodi au madereva, na katika nchi ambayo leo inajulikana kwa biashara ya malori, ujuzi wa kuendesha na kutengeneza gari haukuwa kitu kidogo. Malipo yalikuwa jambo jingine. Upande wa Uingereza, nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha askari mweusi kilikuwa karibu theluthi ya kile cha mzungu wa cheo kilekile. Eusebio Mbiuki wa Kenya, aliyepigana Burma, alikuwa na umri wa miaka 100 habari hizo zilipotoka, na alisikika akidai haki ambayo wengi wa wenzake walikufa bila kuipata. Wakongo walikuwa na shida nyingine juu ya hiyo: dola iliyowatuma iliondoka mwaka 1960, na dola iliyorithi ilikuwa na moto kichwani tangu wiki ya kwanza.

Maana uhuru wa tarehe 30 Juni haukutimiza wiki. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi, wakidai vyeo ambavyo mkuu wao Mbelgiji, Jenerali Janssens, aliwaambia wasitarajie. Siku chache baadaye serikali ya Waziri Mkuu Lumumba ikamteua Victor Lundula kuwa mkuu mpya wa jeshi. Lundula alikuwa amelitumikia jeshi hilohilo wakati wa vita vya pili vya dunia, akaishia kwenye sajini meja, kilele cha mtu mweusi. Sasa alirukishwa hadi jenerali. Ngazi zilizofungwa kwa miaka 70 zilipandwa kwa siku moja, na nchi ikalipia haraka hiyo kwa miaka mingi.

Kuanzia hapo, vita vikahamia nyumbani kwa askari wazee. Fikiria mtu wa Beni au Butembo aliyezaliwa mwaka mmoja na Koplo Kunyuku, 1922. Akiwa na miaka 42 aliwaona waasi wa Simba wakiingia mwaka 1964, na kabla ya mwaka kwisha akaliona jeshi la serikali likirudi pamoja na mamluki Wazungu. Akiwa na miaka 74 vita vya kumwondoa Mobutu vilipita mbele ya mlango wake. Kufikia miaka 80 alikuwa ameiona Beni ikiwa makao makuu ya kundi la waasi, majeshi ya Uganda yakikaa mjini, na wakimbizi wa Mambasa wakimiminika kupitia Eringeti na Oicha. Mwaka 2003 miji yote miwili ilipewa hadhi ya jiji, Butembo ikiwa na wilaya zake za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, na Beni ikiwa na Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Lakini hadhi haikuleta amani. Kuanzia Oktoba 2014, alipokuwa na miaka 92, mauaji ya raia yalianza kuizunguka Beni, shamba kwa shamba, kijiji kwa kijiji. Mwaka 2018 Ebola ikatangazwa, na ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287, Beni, Butembo na Katwa zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi.

Katika maisha ya mtu huyo Saio ni mlango wa kwanza tu. Alikwenda vitani akiwa kijana kwa sababu aliamriwa. Vita vilivyofuata vilimkuta uzeeni, akiwa na wajukuu wa kuwakimbiza. Na kila alipokimbia aliacha nyuma vitu vinavyothibitisha utumishi wake: kitabu cha askari, picha, medali, karatasi ya kuachishwa jeshi. Nyumba za Beni zilizochomwa zilichoma pia kumbukumbu hizo.

Kuna sura nyingine ya mambo haya ambayo watu wa Beni wanaiishi sasa hivi. Tarehe 30 Novemba 2021, majeshi ya Uganda na ya Kongo yalianza operesheni ya pamoja, inayoitwa Shujaa, dhidi ya waasi wa ADF katika misitu ya Beni na Ituri. Jeshi moja limesimama mahali pa King's African Rifles, jingine mahali pa Force Publique. Babu zao walikutana katika msitu wa Burma. Wajukuu wamekutana katika msitu wa Semliki, na tena wanazungumza Kiswahili.

Beni inajua pia namna ya kumheshimu askari. Kanali Mamadou Ndala, aliyekuwa mstari wa mbele katika kuwashinda waasi wa M23 mwaka 2013, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na watu wa mji walimlilia kama mtoto wao ingawa hakuzaliwa kwao. Mapenzi yale yanaonyesha kwamba raia wa hapa, pamoja na yote waliyotendwa na watu wenye silaha, bado wanamtofautisha askari anayewalinda na yule anayewaumiza.

Lakini huzuni ya mji mzima kwa kanali mmoja haimfikii mjane wa koplo. Kambi za leo zina wanawake walewale wa miaka ya 1940: wamemfuata mume kutoka mkoa mwingine, wanalala chini ya maturubai, wanauza makaa au unga kando ya barabara, na mume akifa wanabaki mahali wasipo na shamba wala shangazi. Watoto wao wanakua bila kijiji, kama walivyokua watoto wa kambi za Force Publique.

Ndiyo maana kazi ya kukusanya habari za askari wazee si ya kumbukumbu tupu. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, mtu aliyewahi kuwahimiza wananchi watengeneze barabara zao wenyewe bila kuingoja serikali. Moyo huohuo unatosha kwa kazi hii. Walioshuhudia Saio na Burma karibu wote wamekwisha kuondoka, lakini watoto wao wa miaka 70 na 80 wapo, na wanakumbuka baba alikaa kambi gani, aliondoka na nani kijijini, nani hakurudi, mama alikula nini mwaka ule wa siku 120. Wanajua pia nani alizaliwa kabla na nani baada, kwa kuwa majina yao yenyewe yanahesabu. Daftari moja kwa kila familia, likinakiliwa na kuhifadhiwa mahali zaidi ya pamoja, lingeokoa mengi ambayo nyaraka za Brussels hazina, kwa sababu nyaraka zile zilimwandika askari na namba yake, hazikuiandika nyumba yake.

Na kwa askari walio msituni leo, jeshi linaweza kuanza mapema zaidi. Siku ya kuandikishwa, jina la mke, majina ya watoto na mahali wanapoishi yaingizwe kwenye kitabu kilekile cha mume, na mke apewe nakala yake mkononi, ili siku atakapokwenda kudai asiulizwe yeye ni nani.